Siku Wahindi Wekundu Walipoongea

Nyuma kidogo ya stendi ya Nachingwea, pale barabara ya Ruponda inapoachana na njia ya sokoni, palikuwa na benchi la ubao wa mninga lililolazwa juu ya mataruma mawili ya ile reli iliyong'olewa zamani. Upande wa kulia alikaa Masoudi, fundi baiskeli, mwembamba hadi watu wakamwita Spoki. Upande wa kushoto alikaa Stefano, fundi viatu, na sanduku lake la misumari na gundi. Katikati yao hawakukosekana watu wawili: Seleman, aliyekuwa tarishi wa halmashauri na hakukosa matangazo ya Bunge redioni, kwa hiyo akaitwa Hansadi, na Twaha, karani mstaafu wa mizani ya chama cha msingi cha ushirika, ambaye kila akionacho lazima akihesabu, kwa hiyo akaitwa Mizani. Mzee Yunusi ndiye aliyewamiminia kahawa, na kila kikombe alikisindikiza kwa methali, aghalabu isiyohusika. Julai hiyo ya mwaka tisini na nane ufuta ulikuwa umeshavunwa, Kombe la Dunia limeshakwisha, na benchi halikuwa na la kubishia kwa siku tatu mfululizo. Ndipo likapita gari la matangazo kutoka Ruangwa.

— Jumamosi hii, saa nane mchana, Video ya Amri, Ruangwa mjini! Picha mpya ya kauboi! Mkalimani ni Dijei Kipaza mwenyewe! Njoo ujionee, usisubiri kuhadithiwa!

Gari likapita, vumbi likabaki. Spoki akaweka spana chini.

— Kauboi? Mi nilijua walishazikwa wote.

— Wapo, alisema Mizani. Ila siyo wale. Wa siku hizi wameharibika.

— Wameharibika vipi?

— Sikiliza. Zamani lilipokuwa linakuja gari la sinema pale uwanja wa mpira, wanatundika shuka jeupe, kauboi anatoka amenyoa, nguo imepigwa pasi, kofia nyeupe pee. Bastola yake ya risasi sita. Nilihesabu mwenyewe: alipiga kumi na saba bila kujaza.

— Kumi na saba!

— Na farasi hakutoa jasho. Miaka ya sabini wakaja wale wa pili. Wachafu, hawanyoi, wamejitanda blanketi, kipande cha sigara mdomoni kuanzia mwanzo wa picha mpaka mwisho. Hao hujui nani mwema nani mbaya. Anaua, halafu anatema mate. Lakini na hao, bastola ya risasi sita walitoa tisa. Sasa mwaka jana nilikwenda Mtwara kwa binti yangu, nikaona wa kisasa. Kauboi mzee! Mvi mpaka kwenye nyusi! Anapiga sita, anasimama, anaanza kujaza moja moja. Moja inamponyoka, anainama kuitafuta, kiuno kinamkamata!

— Lahaula, alisema Mzee Yunusi.

— Akishaua, analia.

— Kauboi analia?

— Machozi haya! Nimeyaona.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, alitia neno Mzee Yunusi, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mzee, hiyo inahusiana nini na kauboi?

— Si umesema analia?

Stefano alikuwa akishona kandambili na kusikiliza. Habari za kauboi hakupenda kuzitia mdomo, na wenzake walijua kwa nini, ndiyo maana wakawa wanamtupia jicho kila baada ya maneno mawili.

— Sababu yake naijua, Mizani aliendelea. Ni ruzuku. Zamani serikali yao ilikuwa inatoa ruzuku ya risasi, mtu anapiga atakavyo. Ikaja hii biashara huria, ruzuku ikaondolewa, kama sisi na mbolea. Sasa kila risasi inauma. Lazima mtu alie.

— Mheshimiwa Spika, alidakia Hansadi, ambaye hakuwahi kuanza sentensi kwa namna nyingine, naomba kutoa taarifa. Ndugu Mizani analipotosha benchi. Sababu ni vyama vingi. Zamani chama kimoja, stelingi mmoja. Ukiingia tu unajua wa kumshangilia ni yule, na asiyempenda ni adui. Wakaleta vyama vingi. Sasa kila mtu kwenye picha ana sera zake. Shelifu mwenye nyota kifuani ana sera, jambazi ana sera, mwenye baa ana sera. Picha inakwisha, watu wanagawana nusu kwa nusu nani alikuwa stelingi.

— Wote hamjui, alisema Spoki. Ni farasi. Wale farasi wa kwanza walikuwa wamesoma. Ukimwambia lala, analala. Ukimwambia kufa, anakufa. Wamekufa kweli, kwa uzee. Waliopo sasa ni wanagenzi, hawajui hata kukimbia kwenye mstari. Ndiyo maana picha za siku hizi kauboi amekaa tu kwenye kiti barazani anaongea. Angepanda nini?

Mzee Yunusi akaliweka birika juu ya makaa taratibu, kama mtu anayejiandaa kutoa siri.

— Nyie watoto. Mnajua reli yetu ilikwenda wapi?

— Iling'olewa, mzee.

— Iling'olewa ikapelekwa wapi? Ikapelekwa kwenye picha! Lile gari moshi lililokuwa linabeba karanga, nililiona kwa macho yangu linatekwa na majambazi kwenye sinema. Nililijua kwa ule mbonyeo wa ubavuni, lilipogonga ng'ombe dume kule njiani. Kisha likazeeka. Walipokosa gari moshi la kuteka, ndipo kauboi wakaanza kulia.

Walicheka mpaka mwenye duka la ng'ambo akachungulia. Kicheko kilipopungua, Stefano akakata uzi kwa meno.

— Wote mmesahau jambo moja, alisema. Wahindi.

Kicheko kikaanza upya, mara mbili ya kile cha kwanza.

— Haya! Mwekundu ameamka!

— Mwekundu, watetee ndugu zako!

Mwekundu ndilo jina lililokuwa limemganda Stefano kwa miaka ishirini na saba. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda. Mwaka sitini na tano, akiwa na miaka kumi na mitano, alivuka mto na wazazi wake wakikimbia vita, wakapewa shamba Mkotokuyana. Kiswahili alijifunza huku, na mpaka leo hisia zikimpanda kilitoka na Kimakonde ndani yake. Mwaka sabini na moja gari la sinema lilikuja, uwanja ukajaa. Kwenye picha, Mhindi Mwekundu mmoja alikuwa amejibanza kwenye jiwe, na kauboi ananyata nyuma yake na bastola. Uwanja mzima kimya, watu wanamsubiri stelingi wao. Stefano akajikuta amesimama, anapiga kelele kwa sauti yake yote: "Nyuma yako!" Alikuwa anamwonya Mhindi.

Watu elfu moja waligeuka kumtazama. Kisha wakacheka, na kicheko kile hakikwisha uwanjani; kilimfuata sokoni, kanisani, mpaka siku ya harusi yake na Beatrisi, ambapo washereheshaji walimwimbia wu-wu-wu ya Wahindi wa sinema. Toka siku ile ya uwanjani hakwenda tena kwenye picha ya kauboi.

— Nawauliza, Stefano alisema. Picha zote mlizohesabu risasi. Mliwahi kumsikia Mhindi hata mmoja anasema neno?

— Si wanasema? Wu-wu-wu!

— Hilo siyo neno. Ntu hawezi kupigana maisha yake yote bila kusema kwa nini anapigana. Hawa wanaanguka tu kutoka kwenye farasi. Kauboi mnasema amebadilika, amevua kofia nyeupe, amefuga ndevu, sasa analia. Sawa. Hawa je? Miaka yote hii wanaanguka tu?

— Mwekundu, alisema Hansadi, na safari hii alisimama kabisa, akashika kola ya koti lake. Naweka ahadi hii kwenye kumbukumbu rasmi. Siku Mhindi Mwekundu akifungua mdomo kwenye picha akasema sentensi nzima, mimi Seleman nitasimama katikati ya stendi, mchana kweupe, nikutangaze kuwa ni Mzee Stefano, na jina la Mwekundu lifutwe milele.

— Na asipoongea?

— Asipoongea, utaacha kutununia na utaitikia.

Stefano aliitazama kandambili iliyokuwa mkononi mwake. Wakati wa kukataa ulikuwa huo. Lakini mwaka huo alikuwa na wajukuu wawili, na wiki moja nyuma mkubwa wao alikuwa amemwuliza kwa nini watu wanamwita rangi.

— Jumamosi, alisema. Twende Ruangwa.

*

Barabara ya Ruangwa ilikuwa bado na majeraha ya mvua za El Ninyo. Pikapu iliwabeba watano pamoja na magunia ya chumvi na mama mmoja wa Chinongwe aliyekuwa na kuku, na kila korongo walilovuka, Mizani alitangaza idadi. Mzee Yunusi alikuja bila birika, mikono yake ikawa haijui pa kukaa. Walifika saa saba na nusu. Video ya Amri ilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza liingie mchana, na nje jenereta linanguruma kama trekta. Wakabanana kwenye mabenchi ya mbele. Yule mama wa Chinongwe naye aliingia, na kuku wake chini ya miguu.

Dijei Kipaza alikuwa kijana wa shati la kung'aa, amekaa pembeni ya runinga na kipaza sauti kimeunganishwa kwenye redio kubwa. Sifa yake ilikuwa imefika mpaka Nachingwea, na hakika alijua kazi. Kauboi wa kwanza alipotokea, Kipaza akampa jina la Mangungu. Shelifu akawa Bwana Afya.

— Mangungu anamwambia Bwana Afya, leo utakunywa uji kwa uma! Bwana Afya anasema, thubutu!

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Stefano hakucheka. Alikuwa anasubiri, na dakika arobaini zikapita bila Mhindi hata mmoja. Hansadi akamgusa kwa kiwiko.

— Wako likizo, Mwekundu.

Kisha ikaja sehemu ambayo askari mmoja anaendesha farasi mpaka kwenye kijiji cha mahema ya ngozi, kando ya mto, na karatasi mkononi. Akaisoma akiwa juu ya farasi, hakushuka. Kipaza akatafsiri: Serikali inasema mnahamishwa, mtapelekwa kule kwingine, mna siku chache. Askari akageuza farasi, akaondoka. Kamera ikabaki kijijini. Wazee wakakaa duara. Na mzee mmoja, nywele zake nyeupe zimesukwa mikia miwili, akafungua mdomo akaanza kuongea.

Aliongea kwa lugha yake. Sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti ya chini, ya mtu asiye na haraka.

Chini ya picha palipita maandishi, lakini mkanda ulikuwa umenakiliwa kutoka nakala ya nakala. Herufi zilionekana kama sisimizi waliomwagiwa maji. Kipaza akainama, akakodoa, akajaribu tena. Mzee akaendelea. Kipaza kimya. Miluzi ikaanza nyuma.

— Tafsiri!

— Kipaza, umelala?

— Tafsiri bwana!

— Wanasema... Kipaza alikohoa. Wanasema wu-wu-wu!

Watu wakacheka. Stefano akasimama.

Hakupanga. Baadaye alipoulizwa alisema miguu ndiyo iliyosimama, yeye akaikuta iko juu. Alisimama mbele ya runinga, mgongo kwa watu, uso kwa yule mzee.

— Hapana, alisema. Hasemi hivyo.

— Kaa chini, mzee, unatuziba!

— Hasemi hivyo. Anasema...

Lugha ile hakuijua hata neno moja. Lakini kikao kile alikijua. Alikuwa amekaa pembeni yake akiwa na miaka kumi na mitano, alfajiri moja ya baridi upande wa pili wa Ruvuma, babu yake akiongea bila kumtazama mtu usoni, na nyuma ya wazee mama yake Stefano tayari anafunga mzigo, kwa sababu wanawake walijua jibu kabla ya kikao kwisha. Kwenye runinga, nyuma ya duara, mwanamke alikuwa anafunga mzigo.

— Nzee anasema, karatasi hii inatuambia tuondoke kabla ya mvua. Anasema, alaye, yule askari, yupo juu ya farasi, hakushuka hata kutusalimia. Ntu anayekuja kukufukuza kwenu, angalau ashuke.

Miluzi ikakoma.

— Sasa kijana anajibu. Anasema tupigane. Nzee anamwuliza, bunduki ziko wapi? Anasema hata kwa mikono. Nzee anamwambia kaa chini, ntoto wangu. Siyo kwamba umekosea. Kaa tu.

Na kweli, kwenye picha, kijana aliyekuwa amesimama akakaa. Ukumbi ukatoa sauti moja ya mshangao. Kipaza alimtazama Stefano, akaitazama runinga, akanyoosha mkono, akampa kipaza sauti.

Sauti ya Stefano sasa ikajaa bandani.

— Nzee anasema, kaburi la mama yangu lipo hapa. Mtakaoondoka, ondokeni, msigeuke nyuma, mtajikwaa. Wafundisheni watoto jina la mto huu. Mimi nabaki. Ntu mmoja lazima abaki, makaburi yasije yakadhani tumeyasahau.

Babu yake ndivyo alivyosema, na hakuvuka. Stefano hakuwahi kumwambia mtu maneno yale, hata Beatrisi, na sasa aliyasema mbele ya watu mia moja wa Ruangwa, kwa kipaza sauti. Yule mama wa Chinongwe alipiga makofi mawili ya huzuni mapajani.

— Kama sisi sabini na nne, alisema. Tulivyoambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa. Poleni, baba. Poleni sana.

Alikuwa anaiambia runinga. Hakuna aliyemcheka.

Kikao kilikwisha, mahema yakakunjwa, watu wakaanza safari. Stefano alitaka kurudisha kipaza sauti, lakini Kipaza akamkatalia: hao ni wako, mzee, mimi nitabaki na wazungu. Wakagawana kazi. Na zilipobaki dakika chache picha imalizike, yule kijana aliyeambiwa akae alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, anawalinda wenzake wavuke mto, na nyuma yake Mangungu ananyata, bastola mkononi.

Stefano alifungua mdomo. Hakupata nafasi. Banda zima lilimtangulia, wanaume kwa wanawake, Hansadi mbele yao juu ya benchi, koti limemvuka bega:

— Nyuma yako!

Kijana akageuka. Mabati yalitikisika kwa vifijo, kuku wa mama wa Chinongwe akaruka, jenereta halikusikika tena. Watu walivuka mto, wote isipokuwa mzee mmoja. Hakuna aliyeona kauboi aliishia wapi.

Wakati wa kutoka, vijana wa Ruangwa walimbeba Stefano begani mpaka kwenye pikapu. Njia nzima ya kurudi alikaa juu ya gunia la ufuta, anacheka mwenyewe kimyakimya, na mara moja moja anafuta macho na kusingizia vumbi.

*

Jumatatu asubuhi, saa ambayo mabasi yamejaa na wapiga debe wako kazini, Hansadi alisimama katikati ya stendi juu ya kreti la soda.

— Mheshimiwa Spika! Waheshimiwa abiria! Natangaza mbele yenu kwamba fundi viatu mnayemwona pale, kuanzia leo na siku zote, anaitwa Mzee Stefano! Lile jina la zamani limefutwa kwenye kumbukumbu! Atakayelitamka, viatu vyake visishonwe!

Wapiga debe walipiga makofi bila kujua kisa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mihogo akauliza kama ni mgombea. Stefano aliinamisha kichwa juu ya kiatu alichokuwa anakishona, lakini meno yote yalikuwa nje.

Benchi likarudi kwenye kazi yake.

— Sasa swali, alisema Mizani. Kwa nini wameanza kuongea? Miaka yote kimya, leo wanaongea. Mimi nasema ni ile ile ruzuku. Risasi zimepungua, muda umebaki, lazima ujazwe na maneno.

— Ni vyama vingi, Mheshimiwa Spika. Wamepata usajili wa kudumu.

— Ni farasi, alisema Spoki. Mmeona? Walikwenda kwa miguu.

— Akutukanae hakuchagulii tusi, alisema Mzee Yunusi, akamimina.

— Mzee Stefano, Mizani aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa anahesabu kitu. Niambie kweli. Yale uliyokuwa unatafsiri, lugha yao ulijifunzia wapi?

— Sikujua hata neno.

— Hata moja?

— Hata moja. Kikao nilikijua.

Wakanywa. Wakati huo alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi mwanamke kijana mwenye begi na boksi la vitabu, anasubiri gari la Ruponda. Alikuwa amejitambulisha alipofika: Mwalimu Teodosia, amepangiwa shule ya huko, ndiyo kwanza anaripoti. Mzee Yunusi alimpa kikombe na hadithi yote ya Jumamosi, pamoja na mbwembwe za ziada.

— Samahani wazee wangu, alisema. Mimi mgeni, mnisamehe kama nauliza vibaya.

— Uliza, mwalimu. Hapa ndipo mahali pake.

— Hao mnaowaita Wahindi Wekundu. India iko mbali na kwao. Na wekundu, mzee alivyonisimulia, hawakuwa nao. Wao wenyewe wanajiitaje?

Spoki aliizungusha spana mkononi. Hansadi alisema "Mheshimiwa Spika" na Spika akabaki anasubiri. Mizani alitazama vidole vyake vyote kumi, havikumsaidia. Mzee Yunusi alitafuta methali, na hata ile isiyohusika haikuja.

Wote wakamgeukia Stefano.

Stefano aliweka kiatu chini. Alikuwa anakumbuka. Katikati ya kikao yule mzee alijipiga kifuani kwa kiganja, akasema neno moja fupi, akalirudia, akalirudia tena huku akiwazungushia mkono wote waliokaa. Mara tatu. Na yeye, kipaza sauti mkononi, akalipita.

— Alilitaja, alisema polepole. Mara tatu. Mimi nikasema "sisi".

— Nalikumbuka! aliruka Spoki. Lilikuwa linaanza na La.

— La wapi? Lilikuwa na O mbele.

— Lilikuwa na mlio wa puani, kama Kiyao.

— Acheni uongo, nyie mlikuwa mnalia.

Stefano aliwasikiliza na moyo ukamjaa furaha ambayo hakuitegemea. Miaka ishirini na saba alikuwa upande wa watu wale, peke yake, na kumbe hata yeye hakuwahi kuuliza jina lao. Leo mwalimu ameuliza, na benchi zima la Nachingwea linalichimbua neno hilo kama watu waliodondosha ufunguo mchangani. Akafunga sanduku la misumari, akasimama, akajikung'uta vumbi la gundi mapajani.

— Amri alisema mkanda unarudi Mtwara lini?

— Alhamisi.

— Basi leo saa nane wanauonyesha tena. Spoki, gari la Ruangwa linapakia?

— Lile pale, limeshawashwa.

— Mwalimu, Stefano alisema, ukifika Ruponda waambie watoto wasubiri kidogo. Jibu linakuja.

Walikimbia wote wanne, koti la Hansadi likipepea, Spoki na spana yake mkononi, Mizani akipiga kelele kwamba nafasi zimebaki tano. Pikapu iliondoka wamesimama nyuma, kila mmoja analitamka lile neno kwa namna yake, hakuna mawili yaliyofanana. Mzee Yunusi alibaki na mwalimu kwenye benchi. Akalinyanyua birika, akalipima uzito, akashangaa. Ilikuwa mara ya kwanza kijiwe kuvunjika kahawa ikiwa bado imejaa.